Chini Kabisa ya Karatasi

Saa kumi na mbili na nusu jioni,
ukumbi wa michezo wa shule ya msingi, mashariki ya Houston,
harufu ya mipira na dawa ya sakafu.
Nina beji shingoni, nina kalamu isiyoandika,
nina kiapo: nisimwelekeze mtu.

Mwaka huu rais hayumo kwenye kura,
kwa hiyo televisheni imetusahau.
Ni kaunti tu. Ni wenye funguo za mitaro.

Bi Odessa Guidry anaingia na mkongojo wa miguu minne
na buti za mpira,
ilhali mvua haijanyesha wiki ya tatu sasa.
"Hizi sizivui," ananiambia, "tangu maji ya tatu."
Hivyo ndivyo anavyohesabu umri wa nyumba yake:
maji ya kwanza, yaliyochukua zulia;
maji ya pili, yaliyochukua piano ya marehemu;
maji ya tatu hayasemi yalichukua nini.

Anasimama mbele ya skrini, anageuka.
"Mwanangu, yupi kati ya hawa anasafisha mtaro?"

Ninajua.
Ninajua na ukurasa alipo, na herufi za jina lake.
"Bibi, siruhusiwi."
"Huruhusiwi kujua, au huruhusiwi kusema?"
"Kusema."
"Basi kaa na ujuzi wako. Uangalie usiloe."

Zamani palikuwa na kitufe kimoja cha chama:
bonyeza, umemaliza, nenda kapike.
Wamekiondoa.
Sasa majina unayachambua kama mchele,
chuya huku, punje huku, na macho yanachoka.
Jaji wa talaka. Jaji wa mirathi. Majaji wa jinai,
ukurasa baada ya ukurasa, na wote wametabasamu mabarabarani.
Kisha yule aitwaye jaji wa kaunti,
asiye na joho wala mshtakiwa;
kesi yake ni barabara na mafuriko,
na mafuriko hayajawahi kukata rufaa.

Dakika ishirini. Thelathini.
Nyuma yake Efraín Zavala, fundi wa viyoyozi,
anatazama saa, anatazama dari, anatazama saa.
Bi Tuyết amemlaza mjukuu juu ya mkeka wa sarakasi.
Mtu anaguna. Mtu anasema, jamani, huyu anasoma msahafu?
Saa moja kamili nafunga mlango nyuma ya wa mwisho:
aliyekwisha kupanga foleni ni wa foleni, sheria inasema,
na sheria hii moja naipenda.

Karatasi inatoka. Mkono wake unatetemeka.
Sitakiwi kuona, natazama kikapu cha mpira,
wavu wake una uzi mmoja uliokatika.
"Wote nimewaacha wazi," anatangaza ukumbi mzima,
"ila mmoja. Kama siye, shauri yake."
Mashine inaimeza
kama mtoto anavyomeza dawa, kwa shingo upande.

Wahenga waliokataza kuuacha ufa hawakuishi mtaa huu.
Hapa ufa tumeuacha,
ukuta tumeujenga mara tatu,
kwa mkopo.

Saa nne usiku natoa ukanda wa hesabu, mrefu kama utumbo.
Waliopiga kura hapa: mia tatu na kumi na wawili.
Waliofika hadi kwa kamishna: mia moja themanini na tisa.
Wengine waliishia njiani, mahali fulani kati ya majaji.
Katika wale mia moja themanini na tisa
kuna alama moja ya Bi Odessa,
na sijui aliiweka kwa nani. Hadi leo sijui.

Narudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya kwake.
Mtaro umejaa nyasi hadi kiunoni,
kuna toroli la dukani, kuna kochi,
na bango la mgombea limeegemea ukingo,
meno meupe, tai nyekundu,
limechomekwa pale ambapo maji yakija
litakuwa la kwanza kuondoka.
Nilizima gari. Nikalitazama.
Taa ya jikoni kwake ilikuwa bado inawaka.